Miaka Kumi na Saba ya Kuvua Vichwa

Mmeniandikia mara tatu sasa mkitaka niwaelezee kazi yangu, ninyi vijana mnaofungua masanduku na kutundika picha kwenye majumba ya maonyesho ya Riyadh na Jeddah. Mara mbili za kwanza sikujibu kwa sababu nilikuwa nimechoka. Bado nimechoka, lakini mke wangu ameusoma ujumbe wa tatu akasema ni aibu kunyamaza, kwa hiyo nimekaa hapa barazani Wundanyi, huku Taita, goti moja juu ya stuli, naandika. Msitarajie habari za vyeo. Niliingia nyumba ile nikiwa dereva, na kwenye ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, niliandikwa dereva mpaka siku niliyoondoka, ingawa miaka ya mwisho hata usukani sikuugusa sana.

Kazi yenyewe ilikuwa kutunza mifupa. Si mifupa ya watu, msinielewe vibaya. Ni vile vijisanamu vya mifupa vinavyotengenezwa kwa mkono huko Meksiko, vingine vya udongo, vingine vya karatasi na gundi ya unga: bibi harusi wa mifupa, muuza machungwa wa mifupa, mwendesha baiskeli, mkunga, hata mbwa. Watu wa huko wanavitengeneza kwa kuwakumbuka marehemu wao, tena huku wanacheka. Madam wangu alikuwa daktari wa mifupa katika hospitali moja ya Riyadh. Alikwenda Meksiko kwa mkutano wa madaktari, akaona kijisanamu cha daktari anayemfunga plasta mgonjwa, wote wawili mifupa mitupu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akakinunua. Ugonjwa ulianzia hapo. Kila likizo alirudi na boksi.

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa kumpokea uwanja wa ndege, nikamkuta amesimamishwa forodhani. Ofisa alikuwa amefungua boksi na mkononi ameshika mzee wa mifupa mwenye kofia pana na sigara. Akauliza hiki ni kitu gani. Madam akatoa kitambulisho cha hospitali na kumjibu kwamba ni vifaa vya kufundishia.

"Na kofia je?" akauliza ofisa.

"Jua ni kali, ndugu yangu."

Ofisa akamgeuza yule mzee huku na huku, akahesabu kwa kidole. "Mbavu ziko sita tu."

"Hilo ndilo swali la mtihani," akasema Madam. "Wewe umefaulu."

Yule bwana alijaribu kukunja uso akashindwa. Akasema yalla, yalla, tukafunga boksi tukaondoka. Nikajisemea moyoni kwamba mama huyu ama atanifukuzisha nchi au hataniacha nikae bure. La pili likawa kweli, na uchovu wake ninao mpaka leo.

Mwenye nyumba hakuwa Madam. Nyumba ilikuwa ya mama yake, ambaye sisi wote tulimwita Hajja, na kafili wangu, yaani mdhamini wangu, kwenye karatasi alikuwa yeye. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye fimbo nyeusi na sauti ndogo ambayo hakuna aliyethubutu kujifanya hajaisikia. Jina langu ni Mwadime. Aliliona refu, akaniita Musa siku hiyo hiyo, nikawa Musa. Kuhusu vijisanamu alikuwa ametoa masharti mawili. Kwanza, ndani ya ukuta wake visikae na vichwa. Kwa imani yake, sura isiyo na kichwa ni udongo tu, haina dhambi. Pili, kisiwepo hata kimoja chenye jina la mtu. "Ukikiita jina, halas, umekifanya kiumbe," alisema. "Siku nitakaposikia jina, vyote vitavunjwa uani, na aliyevileta atavifagia."

Madam alimjua mama yake, hakubishana. Aliwaandikia mafundi wa Meksiko kwamba kuanzia sasa kila kichwa kitengenezwe mbali na mwili, kikae shingoni kwa kulabu ya waya. Nasikia mafundi wale walishangaa sana, maana walikuwa hawajapata mteja wa namna hiyo. Basi viwiliwili vikapangwa kwenye rafu za chumba cha uani, kilichokuwa majlisi ya kupokelea wageni ya marehemu mume wa Hajja, na vichwa vikalala kwenye droo ndefu iliyotandikwa pamba. Ijumaa baada ya sala ya alasiri, Hajja akiwa amejipumzisha ndani, nilivivika vichwa. Madam alikaa navyo saa moja na chai yake. Akiinuka, mimi navua. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, miaka kumi na saba.

Nilipowaeleza wenzangu wa Shumaisi, mtaa wa Riyadh tulipokuwa tukikutana kwa chapati na maharagwe, walinicheka mpaka nikajuta. Kioko, mlinzi kutoka Machakos, ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. "Si nyinyi Wataita ndio mko na mafuvu kwa mapango huko kwenu?" akasema. "Sasa umepanda ndege, umepewa visa, ukakuja kufanya job ile ile! Bro, si ungebaki tu nyumbani?"

Nilimwambia anyamaze, lakini alikuwa amegusa pahali. Ni kweli, wazee wetu wa zamani walikuwa wakimfukua marehemu baada ya muda, wakachukua fuvu lake na kuliweka pangoni pamoja na ya jamaa zake, kwa mpangilio wa ukoo. Mapango mengine yapo hadi leo. Babu yangu alinipeleka kwenye letu mara moja, nikiwa mdogo. Hatukuingia kama wezi. Alikohoa mlangoni, akajitaja, akawaita mmoja mmoja kwa majina na kuwajulia hali, kisha ndipo tukainama kuingia. Mama yangu, mwanakwaya wa kanisa, aliposikia alikasirika siku tatu. Mimi nilikua Mkristo na nimebaki Mkristo. Lakini mkono una kumbukumbu zake. Nilipopewa ile droo nipange vichwa, nilivipanga vile nilivyoona pangoni, na sikumwambia mtu.

Ufundi wenyewe nilifundishwa na Mzee Idrisi, Msudani aliyekuwa na kibanda cha fremu za picha Shumaisi. Alikuwa na tabia ya kukupiga kofi la mkono kabla hujakosea. Kutoka kwake nilijua kwamba vumbi haliondolewi kwa kitambaa chenye maji hata siku moja. Ni burashi ya kunyolea ndevu, mpya, kavu, na pumzi ya kipulizio cha mpira. Kijisanamu hakishikwi mkono wala mguu, kinashikwa kiuno kwa vidole vya mikono miwili. Gundi ya unga ni chakula, na wadudu wanajua hivyo. Ukiona unga mwembamba chini ya miguu ya bibi harusi, mfunge kwenye mfuko wa plastiki, utoe hewa, umweke kwenye friza wiki mbili. Hilo la friza nililifanya bila kumwarifu mpishi. Alikwenda kutafuta mbavu za mbuzi akarudi na mbavu nyingine, na tangu siku ile alikuwa akinipitia mbali.

Mwaka wangu wa tatu nilimpokea tena Madam uwanja wa ndege. Safari hiyo boksi moja hakulitia kwenye buti, alilipakata. Tulipofika barabara kuu alilifungua, akaniambia nipunguze mwendo. Kilikuwa kijisanamu cha udongo, kijana wa mifupa amekaa kwenye kiti, anapiga udi, kile chombo cha nyuzi chenye tumbo kama nusu ya tikiti. Miguu ameikunja, bega limeinama kidogo.

"Huyu ni Khalidi," akasema. "Kaka yangu. Nilimwandikia fundi nikamweleza alivyokuwa akikaa. Nakwambia wewe kwa sababu wewe ndiye utakayemshika. Mama asijue, Mwadime. Nakuomba."

Khalidi alikuwa amekufa kwa ajali ya gari miaka kadhaa kabla sijafika. Picha yake haikuwapo ukutani, jina lake halikutajwa mezani. Hajja hakuwa ameupenda ule udi mwanawe alipokuwa hai, na baada ya mazishi hakuzungumza habari zake tena, na hakuna mwingine aliyethubutu. Nikamwambia Madam sawa. Sikupenda. Nilikuwa nabeba ikama, familia ya watu sita nyumbani, na sasa siri ya mwenye nyumba ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kichwa cha Khalidi sikukichanganya na vingine. Nilikipa kona yake ya droo, juu ya kipande cha kitambaa safi. Na hapo, taratibu, nilianza ujinga wangu. Nikiwa peke yangu, kabla ya kuvuta droo, nilikohoa. Nikasema hodi. Nikawaambia ni mimi. Wale wengine sikuwajua majina, lakini huyu nilimjua, na kwetu ukimjua mtu jina huwezi kumfungulia mlango ukampita kimya kama mzigo. Nikawa namwita. Miaka ikaenda, ikawa mazoea, kama mtu anavyosema bismillahi bila kujisikia.

Siku moja, baada ya tufani ya vumbi, upepo ukiwa bado unagonga madirisha, niliingia chumbani kusafisha. Nikakohoa. "Hodi jamani, ni mimi. Khalidi, habari za leo? Vumbi limekusumbua?" Nikavuta droo. Nilipogeuka kuchukua burashi, Hajja alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Kiswahili hakukijua hata neno, lakini jina la mwanawe halikuhitaji kutafsiriwa. Alinitazama. Akaitazama droo. Kisha akasema, "Musa, gari," kwa sababu alikuwa amekuja kuniambia nimpeleke kliniki.

Nilimpeleka. Nimeendesha magari katika mchanga usiokuruhusu kuona mbele, lakini sijaendesha njia ndefu kama ile.

Jioni nilimchukua Madam hospitali, na tulipofika langoni nikamfungulia mlango, nikamwambia yote kabla hajashuka. Alikuwa bado kiti cha nyuma, mkoba mapajani.

"Umelisema jina? Kwa sauti?"

"Ndiyo, Madam."

"Kwa nini, Mwadime? Nilikuomba kitu kimoja! Unazungumza na udongo?"

Nikamweleza habari za pangoni, nikijisikia mpumbavu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanifokea. Badala yake aliuliza, kwa sauti ya chini, "Unapomwita, unamwambia nini?" Nikasema namjulia hali tu. Akafunika uso kwa shela yake, mimi nimesimama nje ya mlango wa gari sijui nifunge au niache.

Nilipanga nguo zangu kwenye sanduku. Kila asubuhi nilitazama uani kama kuna nyundo. Madam alikuwa akitoka hospitali anapitia kwanza chumba kile, anahesabu rafu kwa macho, ndipo aingie kwa mama yake. Aliniambia kwamba vikivunjwa vyote ataweza kuvumilia, isipokuwa kimoja. Na hicho kimoja ndicho Hajja alichokuwa na haki ya kukivunja kwanza. Niliogopa sana, sitaficha. Niliogopa kurudishwa nyumbani, na niliogopa zaidi kwamba mtu angempoteza kaka mara ya pili kwa sababu ya mdomo wangu.

Ilipita karibu mwezi mzima. Siku moja Hajja alikuwa amekaa uani, mimi naosha gari. Akaniita.

"Musa, kule kwenu mnawaita wafu kwa majina?"

"Wazee wetu walikuwa wakiwaita, Hajja."

"Wanajibu?"

"Hapana, Hajja. Lakini waliwaita tu."

Alichora mstari vumbini kwa ncha ya fimbo, akaufuta. "Siku ile upepo ulikuwa mkali," akasema. "Masikio yangu yamezeeka. Sikusikia kitu." Akanyanyuka akaingia ndani, na habari ikaishia hapo. Nikaenda nikatoa nguo sandukuni. Sikumwita tena Khalidi kwa sauti. Nilikuwa nakohoa tu.

Halafu ikaja ile miaka mnayoijua ninyi, ya mambo kufunguliwa. Wale wazee wa ndevu, polisi wa dini waliokuwa wakipita madukani na vijiti wakapungua, majumba ya sinema yakarudi, muziki ukasikika hotelini. Wanawake wakaruhusiwa kuendesha gari. Madam alipata leseni, akaniweka kiti cha abiria, akanipeleka mpaka Shumaisi akiwa ameshika usukani kama anaushika usimkimbie. Mimi nilishika mlango. Baada ya hapo nikawa wa mifupa peke yake, na nilikuwa nimezeeka nisiwe na la kulalamika.

Mwaka uliofuata jumba moja la maonyesho la Jeddah lilimwomba Madam mkusanyo wote. Alikwenda kwa mama yake na barua mkononi. Mimi nilikuwa naingiza mitungi ya maji, nikasikia. Hajja aliuliza huko ni nyumbani kwa nani. Madam akajibu ni nyumba ya watu. "Basi huko si kwangu," akasema Hajja. "Huko wavae vichwa vyao. Na mimi nitakuja kuona."

Kuhusu kufungasha nitawaambia moja tu, maana mengine mnayajua kuliko mimi. Riyadh ni kavu, vitu vinapasuka. Jeddah ni mvuke wa bahari, vitu vinavimba. Tulisafiri siku nzima kwa barabara, vichwa kwenye kasha lake na miili kwenye makasha yake. Nilipofungua Jeddah, shingo za karatasi zilikuwa zimeanza kunyonya unyevu, kulabu haziingii. Msimamizi wa maonyesho, binti mchangamfu mwenye viatu vya michezo chini ya abaya, alitaka zisukumwe kidogo. Nilimzuia mkono, kofi la Mzee Idrisi lile lile. Tuliviweka siku nne katika chumba cha kiyoyozi, pamoja na vile vifuko vya kunyonya maji vinavyokaa ndani ya maboksi ya viatu. Nilikuwa nimepanga kitanda kwa Wakenya wa Kandara, mtaa wa pale Jeddah, watu sita chumba kimoja, na kila siku nilitoka kwao kwenda kuzigusa shingo zile kama daktari wa wodi. Siku ya tano vikaingia vyote.

Binti yule alitaka kadi ya kila kijisanamu: ni nani, wa fundi gani, wa udongo au karatasi. Kadi ya Khalidi aliiandika Madam mwenyewe: *Mpiga udi. Udongo.* Aliishika muda, kama anayetaka kuongeza kitu, kisha akaiweka.

Siku ya ufunguzi Hajja alifika kutoka uwanja wa ndege kwa kiti cha magurudumu, nami ndiye niliyemsukuma. Alikuwa amepungua sana. Nilimpitisha kwa bibi harusi, kwa muuza machungwa, kwa yule mzee wa sigara. Tulipofika kwa mpiga udi aliinua mkono, nikasimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona akiwa na kichwa. Alikaa pale mpaka watu wakaanza kutuzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Madam alikuja akasimama upande wa pili wa kabati la kioo, glasi ya juisi mkononi, anamtazama mama yake usoni wala si kijisanamu. Miaka yote ile ya kuficha ilikuwa imekaa baina yao, na mimi katikati nimeshika mpini wa kiti.

Msichana mmoja, mwanafunzi nadhani, akainama kwa adabu. "Bibi, huyu ni mwanamuziki wa Meksiko?"

"Hapana," akasema Hajja kwa ile sauti yake ndogo. "Huyu ni mwanangu. Anaitwa Khalidi."

Glasi ya Madam ililala upande, juisi ikamwagikia vidole. Hajja hakugeuka.

"Lakini fundi amemkosea," akaendelea. "Khalidi alikuwa anapiga udi kwa mkono wa kushoto."

Madam alimtazama yule kijana wa udongo, mkono wa kulia juu ya nyuzi, kama anayemwona leo. Miaka mingapi ameketi naye kila Ijumaa. "Yumma, mama yangu," akasema, "sikumwambia fundi. Nilisahau. Nilisahau kabisa." Akaanza kulia mbele za watu, daktari mzima.

Hajja alinyoosha mkono, akamshika kiganja kilicholowa juisi.

"Wewe unaweza kusahau," akamwambia. "Mimi ndiye niliyekuwa nikiupiga mkono ule, kila chakula, mpaka akajifunza kula kwa wa kulia."